Hulka za mtu mwenye uraibu na ugonjwa wa akili kwa pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa familia, wahudumu wa sobahausi (nyumba za kuwasaidia waraibu kuacha), wauguzi na washauri nasaha wanaomhudumia mtu mwenye uraibu (wa pombe, unga yaani heroini, bangi, mirungi au vidonge) na papo hapo ana ugonjwa wa akili. Hulka tunayoizungumzia hapa ni namna ya kuhisi, kufikiri na kutenda ambayo mtu amekuwa nayo tangu ujana wake, nyumbani, kazini na kwa marafiki. Mambo yaliyoanza baada ya kete ya kwanza ya kilevi tusikimbilie kuyaita hulka.

Ni kweli kuna watu waliozaliwa na "hulka ya uteja"?

Hapana. Wazo hilo lilitawala kwa muda mrefu hata hospitalini. Mwongozo wa kwanza wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, uliotoka mwaka 1952, uliuweka ulevi na uraibu wa dawa katika fungu moja na watu wenye hulka ya kutojali jamii. Uraibu ulipata fungu lake wenyewe katika toleo la tatu, mwaka 1980. Wazo hilo lilitikiswa na tafiti zilizowafuatilia watu tangu kabla kilevi hakijawashika. Daktari George Vaillant wa Chuo Kikuu cha Harvard alichambua kumbukumbu za wanaume waliofuatiliwa kwa miongo kadhaa, akaona kwamba unyonge, utegemezi na huzuni, mambo yaliyokuwa yakitajwa kama chanzo cha ulevi, kwa sehemu kubwa yalikuwa matokeo yake.

Hata hivyo hulka ina uzito. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa hadi utu uzima. Waliokuwa na uwezo mdogo wa kujizuia utotoni walikuwa na uraibu zaidi walipofika miaka 32, hata baada ya watafiti kuzingatia akili za darasani na kipato cha wazazi. Kwa hiyo hulka huongeza hatari, lakini haimwamulii mtu maisha. Wapo watu wa pupa ambao hawajawahi kugusa kilevi, na wapo watulivu, wapangaji wazuri wa mambo yao, wanaomaliza chupa ya pombe kali kila usiku bila jirani kujua.

Ni kawaida mtu mmoja kuwa na uraibu na ugonjwa wa akili pamoja?

Ni kawaida sana. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990, uliohusisha watu zaidi ya 20,000, asilimia 47 ya wenye skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) na takriban asilimia 61 ya wenye baipola (ugonjwa wa hali kupanda na kushuka kupita kiasi) ya aina ya kwanza walikuwa wamewahi kuwa na tatizo la pombe au dawa katika maisha yao. Takwimu hizo ni za huko na tusizibandike mtaani kwetu jinsi zilivyo, ila funzo lake linafika hapa. Kliniki ya methadoni (dawa inayotolewa badala ya unga) isiyouliza habari za kusikia sauti, na kliniki ya akili isiyouliza habari za unga, kila moja inamtibu nusu mtu.

Hulka zipi huonekana mara nyingi zaidi?

Tatu hujirudia karibu kila mahali zinapopimwa. Ya kwanza ni hisia kali zinazopanda haraka na kuchelewa kushuka: wasiwasi, hasira, aibu, huzuni. Ya pili ni udhaifu wa kujipanga na kumaliza jambo. Ya tatu ni ugumu wa kuamini watu na kukubaliana nao. Wenye uraibu pamoja na ugonjwa wa akili huwa nazo, hasa ile ya kwanza, kwa kiwango cha juu kuliko wenye uraibu peke yake.

Kuna na pupa, na hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu familia nyingi husema "ana pupa" na kuishia hapo. Mwaka 2001 watafiti Stephen Whiteside na Donald Lynam waliichambua pupa wakapata vitu vinne tofauti: kutenda hovyo hisia mbaya zikipanda, kutofikiria matokeo kabla ya kutenda, kushindwa kuendelea na jambo linalochosha, na kupenda msisimko. Baadaye iliongezwa ya tano, kutenda hovyo wakati wa furaha kubwa. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Kijana anayekunywa kila anapogombana na mkewe ana shida ya kwanza. Anayekunywa siku ya mshahara na siku timu yake ikishinda ana ya tano, na kumfundisha kutuliza hasira hakutamsaidia. Anayependa msisimko mara nyingi ndiye aliyeanza mapema, lakini anayeshindwa kutoka ni yule ambaye hisia humtawala.

Jambo moja huwashangaza wauguzi wapya. Kati ya wenye skizofrenia, wanaotumia vilevi mara nyingi walikuwa wachangamfu na wenye marafiki wengi kabla ya kuugua, kuliko wasiotumia. Kupata kete kunahitaji kutoka, kuzungumza, kupatana bei na kuwa na watu. Aliyejifungia chumbani miaka mitatu hana njia hiyo. Kwa hiyo mgonjwa mchangamfu, mcheshi, anayejuana na watu wote wodini, ndiye wa kuulizwa kwa makini zaidi kuhusu matumizi.

Kijana wetu anadanganya na anaiba vitu vya ndani. Hiyo si ndiyo hulka yake?

Angalia saa kwanza. Arosto (maumivu ya mwili ya kukosa kilevi) ya unga huanza takriban saa 8 hadi 12 baada ya kipimo cha mwisho, hufika kileleni kati ya saa 36 na 72, na hupungua ndani ya siku 5 hadi 10. Anayetumia mara tatu kwa siku anaishi muda wote akiwa saa chache tu kabla ya kutapika, kuharisha na maumivu ya mifupa. Uongo na wizi wake mwingi una kazi moja, nayo ni kuizuia arosto isifike.

Ili kupambanua, uliza maswali mawili. Je, anadanganya na kuumiza watu hata pale ambapo hakuna pesa wala dawa inayohusika? Na je, kabla ya kutimiza miaka 15, kabla ya kilevi chochote, alikuwa akiwatesa wanyama, akipiga wenzake, akiiba, akitoroka nyumbani? Daktari anayefikiria tatizo la hulka ya kutojali wengine hutakiwa kupata ushahidi wa utovu wa aina hiyo kabla ya miaka 15, na hampi mtu jina hilo kabla hajafikisha 18. Kama mama anasema "alikuwa mtoto mpole mpaka kidato cha pili", jibu karibu mmelipata.

Hii haina maana kwamba mvumilie wizi. Fungeni kabati. Lakini msiandike moyoni kwamba ndivyo alivyoumbwa.

Tusubiri muda gani baada ya kuacha ndipo tuijue hulka yake halisi?

Inategemea kilichokuwa kikitumika na swali mnaloliuliza.

Kwa pombe, huzuni nyingi huondoka yenyewe. Mwaka 1988 watafiti Brown na Schuckit waliwapima wanaume waliolazwa kwa ulevi: asilimia 42 walikuwa na dalili kubwa za sonona (ugonjwa wa huzuni) walipoingia, na baada ya wiki nne za kutokunywa ni asilimia 6 tu waliobaki nazo. Ndiyo maana kipimo cha sonona kama PHQ-9 (maswali 9, alama 0 hadi 27) kinachofanywa siku ya pili ya kulazwa hakisemi mengi. Kirudieni wiki ya pili na ya nne. Alama zikibaki 10 au zaidi wiki ya nne, sonona hiyo inataka matibabu yake. Akizungumzia kujiua, msisubiri wiki yoyote.

Kwa bangi, mirungi na dawa za kuchangamsha, sauti na hofu ya kufuatwa zinazoletwa na kilevi chenyewe kwa kawaida huisha ndani ya mwezi mmoja. Zikiendelea baada ya mwezi bila matumizi yoyote, ugonjwa wa akili unaojitegemea ni wa kufikiriwa kwa uzito.

Kwa unga, baada ya arosto huja wiki au miezi ya kukosa usingizi, kukereka na kutofurahia chochote. Mtu huyu huonekana mvivu na mwenye kununa. Ni ubongo unaojirekebisha.

Hulka yenyewe huhitaji muda mrefu zaidi. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unaotumika tangu Januari 2022, unataka shida iwe imedumu miaka 2 au zaidi na ionekane katika mazingira mengi ndipo iitwe tatizo la hulka.

Hatuna miaka 2 ya kusubiri. Kuna njia ya haraka?

Ipo, na inahitaji karatasi, kalamu na mtu mzima aliyemjua tangu utotoni. Chora mstari mrefu ulalao, uugawe kwa miaka kuanzia miaka 5 hadi leo. Juu yake chora mistari mitatu. Wa kwanza ni wa vilevi: kipi, kiasi gani, lini alianza, lini aliacha hata kwa wiki chache, kama vile akiwa mahabusu, kijijini, baharini au wakati wa Ramadhani. Wa pili ni wa dalili: sauti, kutolala siku nyingi kwa furaha ya ajabu, huzuni, hofu. Wa tatu ni wa maisha: shule, misiba, kuachwa, kupigwa, kubakwa, kazi.

Kisha soma kwa wima. Dalili zilizokuwepo kabla ya kilevi, au zilizorudi katika vipindi alivyokuwa safi, zina mizizi yake zenyewe. Zilizopanda na kushuka pamoja na kilevi huenda ni zao lake. Kwa hulka, muulize mama, mwalimu wa msingi au rafiki wa utotoni mambo mahususi: alikuwa akimaliza kazi ya nyumbani? Alipokasirika alitulia baada ya muda gani? Alikuwa na marafiki wa kudumu au wa wiki moja? Swali la jumla kama "alikuwa mtu wa aina gani" huleta sifa au lawama, na hamtapata habari.

Kosa la kawaida ni kumuuliza mgonjwa peke yake siku ya kwanza. Aliye kwenye arosto hujaza kila kisanduku kwa "ndiyo" ili amalize.

Si anatumia ili kujitibu?

Kwa sehemu, ndiyo. Daktari Edward Khantzian alilitoa wazo hilo mwaka 1985: mtu huchagua kilevi kinachogusa maumivu yake. Unga hunyamazisha hasira na kiwewe, pombe hulegeza aliyejifunga kwa woga. Ukimuuliza "kinakusaidia nini?" utapata majibu ya kweli kuliko ukiuliza "kwa nini huachi?"

Shida ni kwamba nafuu hiyo ni ya saa, na deni lake ni la siku nyingi. Pombe inayotuliza wasiwasi usiku huuleta mkubwa zaidi asubuhi. Tena wapo wengi ambao chanzo chao hakikuwa maumivu, bali rafiki, kijiwe na kupenda msisimko. Ukimlazimisha huyo atafute jeraha la utotoni, unampotezea muda.

Wameandika "tatizo la hulka" kwenye faili. Maana yake hatapona?

Siyo. ICD-11 haigawi tena watu kwa majina mengi ya zamani. Inauliza ukali (mdogo, wa kati, mkubwa), kisha inataja pande zinazojitokeza: hisia hasi, kujitenga, kutojali wengine, kukosa kizuizi, na kushikilia ukamilifu kupita kiasi. Unaweza kuongezwa muundo wa hulka ya mpakani, yaani hofu kali ya kuachwa, mahusiano ya kupanda na kushuka, na kujikata au kujichoma. Muundo huu wa mwisho huambatana sana na uraibu, na una tiba zilizojaribiwa. Tiba ya kitabia ya mwanasaikolojia Marsha Linehan iliundwa kwa watu wanaojiumiza na baadaye ikarekebishwa kwa wenye uraibu.

Tunachokipinga ni neno hilo kutumika kama adhabu. Mgonjwa aliyemtukana muuguzi akiwa kwenye arosto akaandikiwa tatizo la hulka, kila atakayefungua faili lake atamsoma kwa jicho hilo hilo, na maumivu yake ya kifua yataitwa maigizo.

Hulka inabadilika?

Inabadilika, polepole. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walijumlisha tafiti 207 za watu waliopata tiba mbalimbali na kuona utulivu wa hisia ukiongezeka waziwazi katika muda wa wastani wa wiki 24. Ukweli mchungu uliomo humo ni kwamba waliotibiwa wasiwasi walibadilika zaidi, na waliotibiwa uraibu walibadilika kidogo kuliko wote. Kwa hiyo mpango mzuri hausubiri hulka ibadilike. Unapangwa kuifuata hulka iliyopo.

Basi tunaipangaje huduma kufuata hulka?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo sehemu nyingi hukosea kwa kumpa kila mtu ratiba ile ile.

*Anayetenda hovyo hisia zikipanda.* Mfundishe kuitambua hatua ya mwanzo mwilini: taya kukaza, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka. Mpango wake uandikwe kwenye kadi isiyozidi mistari minne, kwa maneno yake: naondoka nilipo; naosha uso kwa maji baridi sana; nampigia fulani; nasubiri dakika 30 kabla ya kuamua lolote. Hamu kali kwa kawaida hupanda kisha hushuka ndani ya nusu saa hivi. Kadi ifanyiwe mazoezi akiwa ametulia, mara nyingi. Inayosomwa kwa mara ya kwanza siku ya ugomvi haifanyi kazi.

*Asiyefikiria matokeo.* Mahubiri hayamfikii, kwa sababu wakati wa kutenda mahubiri hayapo kichwani. Badilisheni mazingira. Mshahara uingie kwa simu ya mtu anayemwamini, kwa makubaliano yake mwenyewe, naye apewe nauli ya siku. Njia ya kurudi nyumbani isipite maskani (kijiweni kwa watumiaji). Vidonge vitolewe vya siku 3 hadi 7, si vya mwezi. Kwa skizofrenia, sindano ya muda mrefu kama flufenazini, inayochomwa kila wiki 3 hadi 4 hivi, huondoa uamuzi wa kila siku.

*Anayeshindwa kumaliza.* Malengo ya mwezi yamvunja. Mpe ya siku moja, na zawadi ya papo hapo: kipimo cha mkojo kikiwa safi leo, apate kitu leo. Miadi iwe mifupi na ya karibu karibu, dakika 20 mara mbili kwa wiki kuliko saa nzima mara moja. Mkumbushe kwa simu jioni ya kabla yake.

*Anayependa msisimko.* Sobahausi yenye kukaa kwenye mkeka kutwa nzima humrudisha mtaani haraka kuliko kitu kingine. Mpira, kuogelea, ngoma, kazi ya bandarini au ya kutembea, ndivyo vinavyomshika. Uchovu wa kukosa la kufanya kwake ni hatari ya kweli, na uandikwe kwenye mpango kama hatari.

*Anayeogopa dalili za wasiwasi.* Huyu moyo ukidunda anadhani anakufa, na hukimbilia pombe au Valium (kidonge cha kutuliza). Kumwandikia Valium ya kuendelea ni kumbadilishia uraibu. Mweleze mwili unavyofanya kazi wakati wa hofu, kisha mfanyishe mazoezi yanayoleta dalili zile kwa makusudi: kupanda ngazi kwa dakika mbili, kupumua haraka kwa dakika moja, mpaka aone zinaondoka zenyewe. Kwanza daktari ahakikishe hana ugonjwa wa moyo, pumu wala kifafa.

*Aliyekata tamaa.* Ratiba ya mambo madogo kwa saa: kuoga saa 1 asubuhi, kutembea saa 2, kusaidia jikoni saa 5. Asisubiri ajisikie vizuri ndipo aanze. Muulize kuhusu kujiua kila mnapokutana, kwa maneno ya wazi. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo.

*Asiyeamini watu.* Mhudumu mmoja, asiyebadilishwa badilishwa. Makundi makubwa yasubiri. Msimwahidi kitu msichoweza, hata chai. Wala msimbane akiri kwamba yeye ni mraibu, kwani mazungumzo ya kuhamasisha ya William Miller na Stephen Rollnick yamejengwa juu ya kumwacha mtu aseme mwenyewe sababu zake za kubadilika, na kwa mtu wa hulka hii hufaa kuliko kumbana.

Dawa za akili na methadoni vinaendana?

Vinaendana, ila kuna mitego ambayo kila kliniki na kila familia inapaswa kuijua, kwa sababu matokeo yake mara nyingi huitwa "tabia mbaya".

Kabamazepini, inayotumika kwa kifafa na baipola, huharakisha kuondoka kwa methadoni mwilini. Ndivyo zilivyo fenitoini, rifampisini ya kifua kikuu, na efavirenzi na nevirapini za virusi vya UKIMWI. Mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miligramu 80 anaanza kulalamika arosto wiki moja au mbili baada ya kuanzishiwa dawa hizo. Watu husema anataka kulewa. Anasema kweli, na daktari anapaswa kupandisha kipimo. Dawa hiyo ikisimamishwa, methadoni hupanda tena, kwa hiyo kipimo kishushwe kwa uangalizi.

Methadoni pamoja na haloperidoli (dawa ya skizofrenia), sitalopramu au amitriptilini (dawa za sonona) zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kipimo cha ECG (cha umeme wa moyo) kinafaa. Methadoni pamoja na Valium, "bugizi" (vidonge vikali vya usingizi) au pombe huzima pumzi. Aliyekosa methadoni siku 3 mfululizo asipewe kipimo chake cha zamani bila kupimwa upya.

Haloperidoli inaweza kumfanya mgonjwa ashindwe kutulia, miguu ikienda mbele na nyuma, jambo linalofanana na arosto au ukorofi. Dawa yake benzheksoli hutumiwa vibaya mitaani, kwa hiyo itunzwe na mtu mwingine. Aliyeacha sigara ghafla wodini huku akitumia klozapini au olanzapini (dawa za skizofrenia), dawa humpanda mwilini kwa sababu moshi ndio uliokuwa ukiiharakisha kutoka. Atasinzia na kuyumba kana kwamba amelewa. Kwenye baipola, dawa ya sonona bila ya kutuliza hali inaweza kumrusha kwenye furaha kichaa. Na sodiamu valproeti (dawa ya kifafa na baipola) isitumiwe na mwanamke anayeweza kushika mimba, ila kwa uamuzi wa daktari bingwa, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni.

Sobahausi inatosha?

Kwa uraibu peke yake, wengi wamesaidika. Kwa mwenye ugonjwa wa akili juu yake, uliza kabla hujalipa: je, wanamruhusu kuendelea na dawa zake za hospitali? Nani anazitoa na wanaandika wapi? Daktari wa akili anafika lini? Akianza kusikia sauti usiku wanafanya nini? Nyumba inayosema "hapa hatutumii dawa ya aina yoyote" si mahali pa mtu mwenye skizofrenia wala baipola. Inayofunga watu kwa minyororo si mahali pa mtu yeyote.

Wazee wanasema ni pepo. Tufanye nini?

Dua, kisomo na maombi havigombani na matibabu, na kwa mgonjwa mwenye imani vinampa nguvu na watu wa kukaa naye. Mambo matatu yasikubaliwe: kusimamishwa dawa, kupigwa au kufungwa, na kunyimwa chakula na maji. Asiyekula wala kunywa huku akitumia lithiamu (dawa ya baipola) anaweza kupata sumu ya dawa hiyo mwilini. Mwambieni shehe, mchungaji au mganga dawa anazotumia. Mara nyingi wakielezwa kwa heshima huwa wa kwanza kusema mpelekeni hospitali.

Sisi nyumbani tuseme nini, na tusiseme nini?

Aseme mtu mmoja, si ukoo mzima. Ongeeni asubuhi, baada ya dawa yake, si usiku akiwa amelewa. Taja tendo, tarehe na athari: "Jumamosi ulichukua redio, mama hakupata habari za msiba." Maneno kama "wewe ni teja tu" au "umemfanana baba yako" humpa aibu, na aibu kwa mwenye hisia kali ni safari ya moja kwa moja hadi maskani. Pesa mkononi hapana. Chakula, nauli ya kliniki na kulipia dawa ndiyo. Sharti mtakaloweka liwe lile mnaloweza kulishika, maana kumfukuza Jumatatu na kumrudisha Jumatano kunamfundisha kwamba neno lenu halina mwisho.

Ni wakati gani ni dharura?

Hapumui vizuri, midomo imekuwa ya bluu au kijivu, haamki ukimtingisha, mboni za macho zimekuwa ndogo sana: ni unga au methadoni kupita kiasi. Mpulizie pumzi mdomoni, apewe naloksoni (dawa ya kuzima athari ya unga) kama ipo, akianza kupumua mlazeni kwa ubavu, na akimbizwe hospitali hata akiamka, kwani naloksoni huisha mwilini kabla ya unga au methadoni. Msimpe maziwa wala maji ya chumvi. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa aliyetoka tu sobahausi au gerezani, kwa sababu mwili umeshasahau kipimo cha zamani.

Mlevi wa kila siku aliyeacha ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48, na kuchanganyikiwa kwa homa na kutetemeka kati ya saa 48 na 96. Hili huua. Apelekwe hospitali, na apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari.

Mwenye sonona, aliyelewa na mwenye kutenda hovyo hisia zikipanda asiachwe peke yake akitaja kufa. Ondoeni dawa za wadudu, vidonge na kamba ndani ya nyumba siku hiyo hiyo.

Na watoto wake? Tunaweza kuwakinga?

Takriban nusu ya tofauti ya hatari ya uraibu kati ya watu hutokana na urithi, hivyo swali hili ni la haki. Mwanasaikolojia Patricia Conrod ameunda mafunzo ya shule kwa vijana wenye hulka nne: kukata tamaa, kuogopa dalili za wasiwasi, pupa, na kupenda msisimko. Ni vikao viwili tu vya dakika 90, kila kijana katika kundi la hulka yake, akijifunza kuishi nayo. Majaribio yameonyesha matumizi ya pombe yakipungua. Nyumbani, fanya lile lile kwa udogo wake: mjue mtoto ni wa hulka ipi kabla ya miaka 12, na uicheleweshe glasi ya kwanza ya pombe kwa kadiri unavyoweza.

Tuanzie wapi?

Tanzania Bara, huduma ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke, na sasa ipo mikoani pia. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu, ndani ya hospitali ya akili, jambo linalorahisisha kutibiwa yote mawili pamoja. Kenya ilianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 2014, kisha Malindi na Mombasa. Methadoni hutolewa bure. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina namba ya simu ya bure, 1192. Nendeni na ile karatasi ya mistari mitatu, vidonge vyote anavyotumia vikiwa kwenye mfuko mmoja, na mtu aliyemjua tangu akiwa mdogo.